Neno Lililochinja Mbuzi

Mbuzi alichinjwa siku ya Jumamosi, katika lupangu moja, yaani kiwanja chenye nyumba, kule Katuba, kwa sababu ya neno moja, "adjudication", nililolipita bila kulisalimia. Sikushika kisu mimi. Lakini niliitwa, nikaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, nikala michopo, nikanywa na bia ya baridi, na wala sikuuliza tunasherehekea nini. Mtu akikuita kwenye nyama, humhoji.

Zamani nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Siku hizi nina meza yangu katika sekretarieti moja hapa Lubumbashi, zile nyumba ndogo zenye fotokopi mlangoni na kompyuta mbili ndani. Watu wananiletea mikanda, ndivyo tunavyoita barua na karatasi zote zenye muhuri: mikanda ya forodha, mikanda ya hospitali za Zambia, mikanda ya makampuni ya migodi. Mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita kama 90 kutoka hapa, na ukishauvuka Kifaransa kinakufia mdomoni, kwa hiyo kazi haikosekani. Iliongezeka zaidi baada ya sheria ya tarehe 8 Februari 2017, ile iliyosema kazi za sous-traitance, zile ambazo kampuni kubwa inampa mwingine aifanyie, ziachiwe makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Wajenzi wa mitaani waliozoea kujenga nyumba za kupangisha wakajikuta wanajenga ukuta wa mgodi, na mfukoni wana mkataba wa Kiingereza mzito kuliko Biblia.

Papa ni mmoja wao. Nitamwita Papa tu, yaani baba, inatosha. Umri wake unaruhusu. Alijenga mitaro na uzio kwenye eneo la kampuni moja, barabara ya Likasi. Alipomaliza, waliompa kazi wakasema sehemu ya mitaro haikufuata vipimo, wakazuia pesa. Papa akadai. Miezi ikapita, halafu ikaja barua ya Kiingereza, aya tatu. Akaniletea niitafsiri kwa Kifaransa, maana kijana wake anayeshika hesabu yuko Kinshasa, na huko si rahisi umwandikie mtu Kiswahili.

Siku hiyo umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, mlangoni kulikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapa kazi zao, na simu yangu inalia. Nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba dai lake limepelekwa kwenye "adjudication". Nikatazama neno. Herufi 12, na Kifaransa kina neno lilelile, herufi zilezile 12, hakuna hata alama ya mkazo inayotofautiana. Nikaliacha kama lilivyo. Nikapiga muhuri, nikachukua pesa yangu.

Sasa mtu asiyeishi na Kifaransa cha ofisi hataelewa kwa nini mbuzi akafa. Huku kwetu, "adjudication" ni neno la mnada na la zabuni. Gari lililokamatwa likiuzwa kwa amri ya mahakama, watu wanapandisha bei, yule wa mwisho anabaki peke yake, nyundo inagonga: "Adjugé!" Limekwisha, ni la kwake, na jina lake tangu hapo ni adjudicataire. Kwenye kazi za serikali pia, ingawa sheria ya zabuni za umma ya tarehe 27 Aprili 2010 inasema zaidi appel d'offres, mwito wa zabuni, wazee wa kazi bado wanaita adjudication ile siku ambapo soko, yaani mkataba wa kazi, linapata mwenyewe. Kwa sikio la Papa neno hilo lina mlio wa nyundo. Aliposoma kwamba dai lake limefika kwenye adjudication, moyo wake ulimalizia sentensi ambayo karatasi haikuisema: pesa ni zake. Akachinja mbuzi.

Wiki mbili baada ya nyama, alikwenda kwenye ofisi yao kuulizia malipo. Hawakumwelewa. Akarudi kwangu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliketi, akaweka kofia juu ya goti, akaifungua ile karatasi yangu, akaweka kidole juu ya neno.

"Mwalimu, hii neno, kwa Kiingereza inasema je?"

Nikamwambia ukweli: inasema kuna mtu atakayeamua. Haisemi kwamba ameshaamua, wala haisemi ameamua upande wako.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza swali ambalo limenikalia kichwani hadi leo: "Ni nani eko nakata?"

Nani anakata. Sikuwa na jibu.

Jioni ile nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa kamusi, lakini aliyenifundisha ni mtoto. Dada yangu ameolewa Kitwe, Zambia, na binti yake wa miaka 14 alikuwa amekuja likizo. Ana cheti cha mashindano ya mdahalo ya shule, amekibeba kwenye begi kama pasipoti. Chini ya cheti kuna saini, na chini ya saini neno: Adjudicator. Nikamwuliza huyu ni nani.

"Muyomba, ni yule anayesema timu gani imeshinda, halafu anaeleza kwa nini."

"Ni hakimu?"

"Hapana! Ni mwalimu wa jiografia."

Hapo ndipo nilipoanza kulichunguza neno vizuri, maana mimi nililijua kutoka vitabuni tu, likiwa limevaa joho. Kumbe kwa wenye lugha limetoka mahakamani zamani, na linatembea barabarani likiwa bado na tai shingoni. Kwenye mdahalo wa vyuo vikuu duniani, yale mashindano yaliyoanza Glasgow mwaka 1981, anayeketi kuamua haitwi jaji tu, anaitwa adjudicator, na ana mkubwa wake juu yake. Kenya, kila msimu wa tamasha za muziki na maigizo za shule, walimu wanatetemeka wakisubiri ma-adjudicator waseme kwaya gani inapanda ngazi. Wale watu wa Guinness World Records wanaokuja na koti la buluu kuhesabu watu wangapi wamecheza ngoma kwa pamoja, nao cheo chao ni hichohicho. Katika magereza ya Uingereza na Wales, mfungwa aliyepigana jikoni anasikilizwa na gavana wa gereza, na kikao kile kinaitwa adjudication. Mfungwa mwenyewe atasema ana "adjudication" kesho asubuhi, kama vile wewe unavyosema una daktari.

Dada yangu naye analitumia. Siku moja kwenye simu nilisikia watoto wake wawili wanagombea chaja, naye akawaambia kwa Kiingereza kwamba amechoka kuwa adjudicator wao. Alikuwa anatania. Na utani ule una maana yake: angesema tu amechoka kuwaamua, ingekuwa mama na watoto wake. Kwa kuchukua neno kubwa akajivisha joho, akaifanya chaja kuwa kesi, na watoto wakacheka. Mwingereza wa kawaida hatumii neno hili nyumbani ila kwa kicheko. Akitaka kusema "amua" kwa uso mkavu, ana maneno mengine mepesi zaidi. Hili analitoa anapotaka ujue kwamba uamuzi ulifuata kanuni, kwamba pande zote zilisikilizwa, na kwamba mwamuzi si shemeji wa mtu yeyote.

Lakini nyundo ya Papa nayo haikutoka hewani, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Neno ni la Kilatini cha mahakama za Roma. Mwanasheria Gaius, aliyeandika katika karne ya 2, anaeleza kwamba hati ambayo hakimu alipewa ili asikilize kesi ilikuwa na sehemu nne, na moja iliitwa adjudicatio. Sehemu hii haikuwekwa kwenye kila kesi. Iliwekwa pale ambapo haitoshi kusema fulani ana haki na fulani hana, bali lazima kitu chenyewe kigawanywe: warithi wanaogawana mali ya marehemu, washirika wanaogawana mali ya pamoja, majirani wanaogombea mpaka. Adjudicatio ilimpa hakimu uwezo wa kumkabidhi mmoja wao kitu, na akiona haja, aliweza pia kumlazimisha aliyepata zaidi awalipe wenzake tofauti.

Nilisoma hayo nikacheka peke yangu, kwa sababu ni Lubumbashi nzima imo humo. Warithi, washirika, na mpaka wa lupangu! Baba yetu alipofariki tulibaki watoto saba na lupangu moja. Haikukatika vipande saba. Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyeketi, akatusikiliza siku mbili mfululizo, akasema nyumba iende kwa yaya, yule mkubwa wetu, kwa vile ndiye aliyebaki na mama, na yaya awalipe wengine kidogo kidogo. Yaya alilipa miaka minne. Shangazi hakuwahi kusikia habari za Gaius, na kwa kweli sidhani kama Gaius angemfundisha chochote.

Basi neno lilikuwa na mikono miwili tangu mwanzo: mkono unaoamua, na mkono unaokabidhi. Kifaransa kikaling'ang'ania kwa mkono wa kukabidhi, ndiyo maana linaishi mnadani. Kiingereza kililichukua kuelekea mwisho wa karne ya 17, kikashika mkono wa kuamua. Uskoti wao walibaki upande wa kukabidhi kwa muda mrefu: kwao adjudication ni njia ya mdai kuchukua ardhi ya mdaiwa wake, na sheria yao ya jambo hilo ni ya mwaka 1672. Na wasomaji wa Kenya watakuwa wanashangaa nakawia wapi, maana wao wanalijua neno hili kwa miguu kabisa. Chini ya sheria yao ya mwaka 1968, eneo likitangazwa kuwa la adjudication, maofisa na kamati ya wenyeji wanapita shamba kwa shamba, wanaandika nani ana haki gani wapi, halafu daftari linawekwa wazi siku 60 asiyeridhika apinge. Mikono yote miwili hapo inafanya kazi.

Nimejaribu kulitafutia Kiswahili chake. Wengi watasema uamuzi, na sibishi. Ila nilipenda kukumbuka kwamba kuamua, kabla ya kufika ofisini, ni kuingia katikati ya watu wanaopigana na kuwatenganisha. Unawaamua. Ndiyo maana refa naye ni mwamuzi, na kitabu cha Biblia kinachofuata Yoshua kinaitwa Waamuzi. Huku kwetu lakini husikii sana kuamua, tunakata. Tunakata mambo, tunakata kesi, na usiporidhika unakata rufaa, yaani kisu kinarudi kwenye kidonda kilekile. Waingereza wenyewe hawako mbali: neno lao la kawaida la kuamua linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kukata. Tatizo linakuja ukitaka kutenga uamuzi huu na ule. Tanzania wana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, na uamuzi wa pale ndio kile ambacho Kiingereza kinakiita arbitration, kitu kingine, chenye nguvu tofauti. Kwa hiyo mfasiri akiandika "uamuzi" tu kwenye mkataba, amefanya kosa langu kwa upande wa pili. Mimi siku hizi naandika sentensi nzima, hata ikiwa ndefu: mtu fulani, aliyechaguliwa kwa njia fulani, ataamua ndani ya siku kadhaa. Wateja wanalalamika kwamba naongeza maneno. Waache walalamike, mbuzi ni ghali.

Maana lile swali la Papa lina makali kuliko kamusi yoyote. Kiswahili hakikubali kukata bila mkataji; ukisema "anakata," tayari umemweka mtu. Lakini jina la Kiingereza, lile la mwisho wake "-tion", linakuja peke yake, halina mtu ndani. "Faili yako inasubiri adjudication." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kwenye simu za watu. Kuna familia hapa zenye ndugu katika makazi ya wakimbizi ya Meheba, Zambia, waliofungua maombi ya kwenda Marekani, na wanapotumiwa ujumbe kuhusu faili yao wananiletea nisome. Wote wanaelewa jambo moja: kwamba adjudication ni mahali. Mama mmoja aliniuliza iko mji gani, ili ajue saa zao. Sikumcheka. Sentensi yenyewe inaongea hivyo, faili "iko" pale, kama gunia lililoko bohari. Kumbe ni ofisa mmoja wa uhamiaji, mwenye mrundo wa mafaili mezani, na kazi yake kwa lugha yao ni "kuadjudicate" maombi, yaani kuyasoma na kusema ndiyo au hapana.

Na wakati mwingine nyuma ya neno hakuna mtu kabisa. Kwenye bima za afya za Marekani, kila dai linalotumwa linapitia adjudication: lilipwe, likatwe, au likataliwe. Mgonjwa anasimama dirishani kwa mfamasia, dawa inaingizwa kwenye kompyuta, na kabla hajamaliza kukohoa jibu limerudi kwamba bima inalipa kiasi hiki na yeye atoe kiasi kile. Ni nani eko nakata? Mashine. Neno lililoanza na hakimu anayegawa shamba la warithi limefika mahali ambapo hakuna aliyeketi. Mimi hilo naliona kama wizi wa jina, lakini sikuulizwa.

Turudi kwa Papa, kwa sababu swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwenye mkataba ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusoma hadi mwisho. Nilichukua usiku mbili. Mkataba ulifuata mfano wa FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, lenye makao Geneva, na ambalo jina lake, angalia vituko, ni herufi za kwanza za maneno ya Kifaransa. Katika toleo lao la mwaka 1999 kuna bodi ya adjudication ya mtu mmoja au watatu. Pande mbili zikigombana, zinaipelekea bodi, na bodi ina siku 84 za kutoa uamuzi. Uamuzi unafuatwa palepale. Asiyeridhika ana siku 28 za kuandika kwamba haridhiki. Zikipita kimya, umefungwa.

Waingereza nyumbani kwao wana haraka zaidi. Huko wajenzi wadogo walikuwa wanakufa njaa kama huku: mkandarasi mkubwa anazuia pesa, mdogo anaogopa mahakama maana kesi itamaliza miaka na yeye ana vibarua wa kulipa Ijumaa. Ripoti ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994 ikapendekeza pawe na mtu wa kukata mambo upesi, na sheria ya mwaka 1996, iliyoanza kazi Mei 1998, ikampa karibu kila mwenye mkataba wa ujenzi haki ya kuita adjudicator wakati wowote. Siku 28, basi. Inawezekana akakosea, na wao wanalijua hilo. Utalipa kwanza, halafu ukitaka utaenda mahakamani kubishana. Nilipomweleza Papa hilo la kulipa kwanza, alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za nchi yenye mito ya asali.

Nilimchorea kwenye karatasi. Mezani watu watatu: mmoja mlichagua ninyi, mmoja walichagua wao, wa tatu mlikubaliana. Alikumbuka kweli kwamba mwanzoni kabisa aliwahi kutia saini kwenye karatasi yenye majina ambayo hakuyajua. "Kumbe njo bale," akasema. Kumbe ndio wale. Akachukua kalenda ya parokia ukutani kwangu, akahesabu siku 84 kwa ncha ya kalamu, akaweka msalaba.

Hakusubiri hadi msalaba. Siku ya 70 na kitu alikuja na bahasha, hajaifungua. Safari hii nilifunga mlango, nikawaambia wanafunzi warudi saa tisa. Nilisoma polepole, nikitafuta kwanza watu. Walikuwepo, majina matatu na saini tatu kwenye ukurasa wa mwisho. Bodi ilisema mitaro ya upande wa mashariki kweli ilipungua kina, sehemu hiyo asidai. Pesa iliyobaki ilizuiwa bila sababu, apewe. Niliandika yote kwa Kifaransa, na pale lilipotokea lile neno nikaandika mstari mzima.

Papa aliweka kidole juu ya jina la kwanza, la pili, la tatu, akijaribu kuyatamka. Akakunja karatasi. Nilifikiri atanyanyuka.

"Aba bamekata. Sawa," akasema. "Na kulipa, ni nani eko nalipa?"

Nikafungua tena mkataba, kuanzia ukurasa wa kwanza.